Usisafirie Nyota ya Mwenzio: Kibuyu, Kinanda na Mdundo wa Ziwa Nyasa

Wazee wetu wa baharini walituusia tusisafirie nyota ya wenzetu. Hapa visiwani usia huo ulirudiwa kwa ukali mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale vikundi vya taarabu ya kisasa, East African Melody kikiwa miongoni mwao, vilipokikalisha kinanda cha umeme mahali pa fidla na ganuni. Waliolelewa katika baraza za Ikhwani Safaa, chama kilichoasisiwa mwaka 1905, waliuliza: sauti ya fidla isiyotoka katika fidla ni sauti ya nani? Haukupita muda mrefu lawama hiyohiyo ikawaangukia vijana wa hip hop. Wakaambiwa kwamba mashairi huenda ni yao, lakini mdundo ni wa mashine, na mashine ni ya watu wengine.

Lawama hii si ya kupuuzwa, kwani ndani yake mna swali la haki: kitu cha kuazima hugeuka kuwa chako lini? Kwa kulijibu, naomba msomaji tuipe kisogo Bahari ya Hindi kwa muda na kuyaendea maji mengine, yasiyo na chumvi, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Sababu ya safari hii ndefu ni kwamba watu wa huko walikwisha kukutana na swali letu karne moja iliyopita, kabla ya kinanda cha umeme kuwapo, na walilijibu kwa kibuyu.

Wilaya ya Kyela imelala bondeni, baina ya milima ya Livingstone upande wa mashariki na Mto Songwe upande wa magharibi, ambao ndio mpaka wa Tanzania na Malawi. Ni nchi ya mvua nyingi, ya mpunga, migomba na kakao. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka nyanda za Rungwe na kumwaga maji yake ziwani. Wenyeji wake wengi ni Wanyakyusa, na jamaa zao Wangonde wako ng'ambo ya Songwe, katika upande wa Karonga. Kwa hiyo mpaka uliochorwa na Wajerumani na Waingereza ulikata nchi, haukukata ngoma.

Mwezi Septemba 1914 vita vya wakubwa hao viliifikia pwani ya ziwa. Jeshi la Wajerumani lilivuka Songwe na kupigana na Waingereza mjini Karonga. Tangu hapo hadi 1918 maelfu ya vijana wa pande zote za ziwa walichukuliwa, ama kuwa askari, ama kuwa wapagazi waliobeba risasi na chakula vichwani. Wengi hawakurudi. Waliorudi walikuja na jambo ambalo sisi wa pwani tunalifahamu vyema, maana lilitoka kwetu: beni.

Beni ilizaliwa katika miji ya Waswahili, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Vijana waliitazama bendi ya tarumbeta ya wakoloni, wakaiga mwendo wake, sare zake na vyeo vyake, wakaugeuza kuwa mchezo wa mashindano baina ya mitaa, mchezo uliojaa mafumbo na kejeli. Kutoka mwambao ngoma hiyo ilisafiri na askari, makarani na wapagazi hadi ndani kabisa ya bara. Ilipofika ziwani ilikumbana na kikwazo kimoja: tarumbeta hazikuwapo, na fedha za kuzinunulia hazikuwapo.

Hapo ndipo kilipoingia kibuyu. Wachezaji walichukua kibuyu kikavu, wakakitoboa, na tundu moja wakalifunika kwa utando mwembamba, aghalabu ule wa buibui. Mtu akiimba ndani ya kibuyu kile, utando hutetemeka na sauti yake hutoka imevaa mlio wa shaba. Kibuyu kikubwa hutoa besi, na kidogo hutoa sauti ya juu. Kwa namna hiyo kikapatikana kikosi kamili cha tarumbeta kilichoota shambani. Wakazi wa pwani za ziwa waliiita ngoma hii mganda. Upande wa Malawi ikajulikana pia kwa jina la malipenga, yaani tarumbeta, na upande wa Kyela jina linalosikika ni mapenenga.

Tulitafakari jambo hili. Wachezaji wa mapenenga walitamani sauti ya chombo cha kigeni, na hawakuona haya kuitamani. Lakini kwa kuwa walilazimika kuiunda sauti ile wenyewe, kwa pumzi zao na kwa lugha yao, ilitoka ikiwa na lafudhi yao. Walichoazima ni wazo la tarumbeta. Wimbo ulibaki wao. Kwa maana hiyo, kibuyu chenye utando ni jamaa wa mbali wa sinthesaiza, kwani vyombo vyote viwili kazi yao ni kutoa sauti ya kitu ambacho hakipo.

Mlango wa pili wa sauti za kigeni ulikuwa kanisa. Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian walijenga kituo Rungwe, na mwaka huohuo wale wa misheni ya Berlin wakaingia katika nchi hiyo ya kaskazini mwa ziwa. Walikuja na nyimbo za sauti nne, zilizoongozwa kwa kinanda cha kupuliza hewa kwa miguu, pamoja na tarumbeta za kweli. Kizazi baada ya kizazi, kwaya imekuwa chuo cha muziki kisicholipiwa ada. Vinanda vidogo vya umeme vilipoanza kupatikana madukani, vingine vikiwa na uwezo wa kupigwa kwa betri za tochi pasipo na umeme, nyumba vilikoingia mapema ilikuwa ya ibada. Vijana wengi wa bara ambao baadaye walitengeneza midundo ya mitaani vidole vyao vilifundishwa na kwaya.

Sasa tuivuke dunia kidogo, tuone hip hop yenyewe ilikuwa na deni gani. Muziki huu huhesabiwa kuanza katika mtaa wa Bronx, New York, tarehe 11 Agosti 1973, pale DJ Kool Herc alipotumia santuri kuwachezesha vijana, akikirefusha kile kipande ambacho waimbaji hunyamaza na ngoma kubaki peke yake. Kwa hiyo mdundo wa mwanzo wa hip hop ulikuwa wa kuazima kabisa. Mwaka 1982 Afrika Bambaataa na wenziwe walitoa "Planet Rock", wakitumia vinanda vya umeme na mashine ya ngoma ya Roland TR-808, iliyoingia sokoni mwaka 1980. Ngoma za mashine ile hazikurekodiwa kutoka katika ngoma yoyote. Ziliumbwa kwa mkondo wa umeme unaotetemeshwa. Kisha, mwaka 1991, mahakama moja ya New York iliamua kwamba kukata kipande cha wimbo wa mtu bila idhini yake ni wizi. Tangu hapo aliyetaka mdundo bila kesi alikuwa na njia mbili: alipe, au aketi kwenye kinanda atunge wake.

Mwaka huohuo wa 1991, jijini Dar es Salaam, Saleh Jaber alishinda shindano la Yo! Rap Bonanza, naye akapata umaarufu kwa kughani Kiswahili juu ya mdundo wa "Ice Ice Baby" wa Mmarekani Vanilla Ice. Mdundo huo nao ulikuwa umejengwa juu ya besi ya wimbo wa Queen na David Bowie. Tazama basi msafara wa nyota za watu: kijana wa Dar es Salaam anamfuata Mmarekani, na Mmarekani anawafuata Waingereza. Hata hivyo lugha ilikuwa imekwisha kuhamia nyumbani. Kilichobaki ni mdundo kuifuata.

Kazi hiyo ilifanywa katika studio chache za Dar es Salaam kuanzia katikati ya miaka ya 1990. Master Jay katika studio ya MJ, P-Funk katika Bongo Records, na Mika Mwamba, mzaliwa wa Ufini, walikuwa miongoni mwa waliounda midundo mipya kwa kinanda na kompyuta, badala ya kukopa ile ya Marekani. Kutoka Nyanda za Juu Kusini alitokea Mr. II, Joseph Mbilinyi, ambaye jina lake limefungamana na mji wa Mbeya, na ambaye baadaye aliuwakilisha bungeni kuanzia 2010 hadi 2020. Albamu yake "Ni Mimi" ilitoka mwaka 1995. Kwa kijana wa Kyela, kuona mtu wa mkoa wake akisikika redioni ilikuwa dalili kwamba njia ipo. Lakini njia yenyewe ilikuwa ndefu: kutoka ziwani hadi Mbeya mjini ni zaidi ya kilomita 100, na kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 800. Mdundo ulikuwa bidhaa ya jijini, kama vile tarumbeta ilivyokuwa bidhaa ya Ulaya.

Kilichopunguza umbali huo ni kompyuta. Mwaka 1997 kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ilitoa programu ya FruityLoops, nayo ikaenea katika miaka ya 2000 hadi miji midogo. Chumba kimoja, kompyuta moja, kinanda na kinasa sauti vikatosha kuitwa studio. Mtengenezaji huanza na teke la besi, juu yake huweka pigo la mkatiko, kisha mlio mwembamba wa matoazi unaohesabu muda. Baada ya hapo hutafuta besi kwa mkono wa kushoto, na mwisho noti chache za kukumbukwa kwa mkono wa kulia. Huo ndio mdundo. Kwa mghani ni kama bahari kwa malenga: haumwambii la kusema, bali humwekea kingo. Beti la mghani huwa kwa kawaida na vipimo 16, na mshororo wa shairi letu una mizani 16. Sidai kwamba hesabu hizo zina asili moja, lakini sikio lililozoea moja halitapata shida kuizoea nyingine.

Hata hivyo hatari iko papo hapo palipo na urahisi. Programu ile hufunguka ikiwa imekwisha kumgawia mtumiaji kipimo chake katika vyumba 16, vinne vinne. Kinanda nacho huja na midundo iliyotiwa kiwandani. Bonyeza kitufe, nacho kitakupigia rumba, roki au disko. Ngoma nyingi za ukanda wetu, kutoka mwambao hadi kwenye maziwa makuu, hutembeza tatu na mbili kwa pamoja, mkono mmoja ukibishana na mwingine. Ngoma ya namna hiyo haikai kwa raha katika vyumba vile vinne vinne. Asiyelijua jambo hili ataikata ngoma ya babu yake ili itoshe chumbani, naye atadhani ameitia usasa.

Lakini mashine si hakimu wa mwisho. Mwaka 1985, nchini Jamaika, Wayne Smith na King Jammy walichukua mdundo wa roki uliokuwa ndani ya kinanda kidogo cha Casio, wakaupunguza mwendo, na "Under Mi Sleng Teng" ukawa mwanzo wa zama mpya za rege. Kitufe kilikuwa kilekile kilichouzwa duniani kote. Kilichotofautiana ni sikio lililojua ngoma ya mtaani kwake iende kasi gani.

Hapo ndipo jibu la swali letu lilipo, na ndilo jibu la kibuyu. Uasili wa mdundo haumo katika chombo, wala katika nchi kilikotengenezwa. Umo katika uamuzi: pigo lianguke wapi, licheleweshwe kiasi gani, na kimya kiachwe mahali gani. Mpiga mapenenga aliamua mambo hayo kwa pumzi. Mwenye kinanda huamua kwa kidole, ilimradi akubali kuondoka kwenye kitufe cha kiwandani na kuipiga ngoma kwa mkono, ikiwezekana akiwa amekaa kwanza karibu na wazee wanaoijua.

Nasema akae karibu nao kwa sababu wazee hawangoji. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 na ile ya Zanzibar ya mwaka 2003 zinamlinda mtunzi wa mdundo, na ile ya Bara imezitaja pia kazi za sanaa za jadi. Lakini sheria hulinda kilichopo. Haiwezi kukirudisha kilichosahauliwa. Kijana wa Ipinda au Matema ambaye hakuwahi kusikia kibuyu kikiimba hatakuwa na cha kuazima ila kile kilichomo ndani ya mashine, nasi hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Beni ilitoka kwetu ikaenda ziwani, na walioipokea hawakutuigiza. Waliipa chombo kingine na jina lingine, ikawa yao. Tunapomwona kijana wa visiwani au wa Kyela ameinama juu ya kinanda, tusimwulize amekinunua wapi. Tumwombe atupigie, kisha tusikilize kama nyota anayosafiria ni yake.