Safari za Majini katika Hati za Mkono: Kutoka Pwani hadi Ziwa Nyasa

BismiLlaahir Rahmaanir Rahiym.

Tunapotaja tenzi na hati za mabaharia, wengi wetu wa Mbeya na Iringa hufikiria Lamu na Unguja tu. Lakini Nyanda za Juu zina sehemu yake katika kumbukumbu hizi, nayo inafaa kujulikana.

Nahodha na shairi

Mabaharia wa Kiislamu walizoea kuhifadhi elimu ya bahari kwa beti. Ahmad bin Majid, nahodha wa karne ya 15 aliyetokea Julfar (leo Ras al-Khaimah), alitunga kwa bahari ya rajaz kuhusu nyota, pepo na bandari. Mojawapo ya tungo zake, as-Sufaliyya, inaeleza njia ya kufika Sofala kupitia mwambao wetu. Ilibaki katika hati ya mkono iliyohifadhiwa Leningrad, ikachapishwa mwaka 1957. Faida ya vina ni wazi: beti hukaa kichwani, na usiku wa giza nahodha hahitaji taa kuzisoma.

Pwani yetu nayo iliandika tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alisimulia vita vya Wadachi vya mwaka 1888 na 1889. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa Maji Maji, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1933.

Mngazija katika Ziwa Nyasa

Safari iliyo karibu nasi zaidi ni ya Selim bin Abakari, Mngazija aliyemtumikia Mjerumani Theodor Bumiller. Alikuwa katika msafara wa Hermann von Wissmann uliopeleka stima Ziwa Nyasa. Vipande vya stima vilipandishwa kwa mto Zambezi na Shire, na penye maporomoko vikavushwa kwa nchi kavu. Stima ilishushwa majini mwaka 1893, na kituo cha Wajerumani kikawa Langenburg, upande wa kaskazini wa ziwa, jirani na Kyela ya leo.

Selim alisimulia kwa nathari, si kwa beti. Maelezo yake, pamoja na ya safari ya Urusi na Siberia aliyoifanya mwaka 1896, yamo katika Safari za Wasuaheli, kitabu alichokikusanya Carl Velten na kuchapishwa Göttingen mwaka 1901. Habari nyingi za ziwa letu za wakati huo ziliandikwa na wageni wa Ulaya. Hapa anazungumza Muislamu wa pwani, kwa lugha tunayoielewa bila mkalimani.

Je, mashairi yanafaa?

Mwisho wa Suuratush-Shu'araa, baada ya kukemewa washairi wapotofu, wametolewa walioamini na kutenda mema. Hassaan bin Thaabit (Radhiya Allaahu 'anhu) alimtetea Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kwa mashairi. Basi shairi hupimwa kwa yaliyomo: jema ni jema, baya ni baya.

Ukiwa na hati ya babu

Hapa ndipo penye hasara yetu. Mzee anafariki, sanduku linafunguliwa, na makaratasi ya herufi za Kiarabu hutupwa kwa kuwa vijana hawawezi kuyasoma, au huwekwa darini yaliwe na mchwa. Zingatia haya:

1. Usiitupe jalalani. Huenda ina aya au jina la Allaah, na kuliheshimu ni wajibu.
2. Usiiuze kabla ya kushauriana na warithi. Ni sehemu ya mirathi.
3. Iweke pakavu, ipige picha kila ukurasa, na uandike ilitoka kwa nani.
4. Msomeshe mwanao herufi hizo, au mtafute ustadhi aisome.
5. Familia ikiridhia, wasiliana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kina hazina ya hati za Kiswahili.

Hati ni amana. Aliyeiandika hakujua itafika mikononi mwa nani. Imefika mikononi mwetu.

Wa Allaahu A'lam.