Mgawaji wa sauti katika tarumbeta za Dar

Jumamosi alasiri, kelele za wauza mitumba wa soko la Karume hupata mshindani. Pikapu yenye matarumbeta hupita Barabara ya Uhuru ikiongoza gari la maharusi, na Mchikichini nzima hugeuza shingo. Wimbo unaopigwa mara nyingi ulitungwa kwa ajili ya kwaya. Kuna mtu aliyeamua nani apige sauti ya kwanza, nani ashike besi, na wapi wavute pumzi. Watunzi na waimbaji wa Dar tunawakumbuka kwa majina. Huyu mgawaji wa sauti tumemsahau, na kwangu hilo ni deni.

Ala za shaba zilisikika pwani katika bendi za majeshi ya wakoloni. Vijana waliosikia bendi hizo hawakubaki watazamaji. Kuanzia miaka ya 1890, huko Lamu na Mombasa, waliunda ngoma ya beni, yenye gwaride, sare na vyeo vya kijeshi, nyimbo zikiwa za Kiswahili. Vita vya 1914 hadi 1918 viliieneza beni bara, na baada yake Dar es Salaam ilikuwa na vikundi viwili vya beni vilivyohasimiana, Marini na Arinoti. Kando ya Ziwa Nyasa, ambako shaba ilikuwa adimu, wachezaji wa ngoma ya mganda walipuliza vibuyu vya ukubwa tofauti, kila kibuyu na sauti yake. Huo nao ni upangaji wa muziki, na ulifanywa na watu ambao hawakuhitaji karatasi ya noti.

Karatasi ilikuja na kanisa, na hapa pana jambo ninalolipenda sana. Tarumbeta ya kawaida, ile ya B-flati, hutoa sauti iliyo chini kidogo ya noti iliyoandikwa. Kwa hiyo mpigaji hawezi kuchukua kitabu cha nyimbo na kupiga pamoja na kwaya bila kuandikiwa upya. Mchungaji Johannes Kuhlo wa Bielefeld, Ujerumani, aliyefariki mwaka 1941, alieneza njia nyingine: mpigaji ajifunze kuita noti kwa sauti inayosikika hasa. Kitabu kimoja chenye sauti nne kikatosha kwa waimbaji, kinanda na tarumbeta. Katika mji huohuo wa Bielefeld, tangu 1906, ndiko yalikokuwa makao ya Misheni ya Bethel, iliyofanya kazi Usambara na, kuanzia 1910, Bukoba. Desturi ya tarumbeta za ibada, waliyoileta wamisionari wa Kijerumani, ingali hai katika sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Dar es Salaam ikiwamo.

Tenzi za Kilutheri ni rahisi kugawa: mistari mifupi, pumzi mwisho wa kila mstari. Kazi hasa huanza kwaya inapotaka Haleluya ya Händel, kutoka *Messiah* iliyopigwa kwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742. Imeandikwa katika ufunguo wa D. Kwa anayesoma tarumbeta ya B-flati kwa mtindo wa kawaida, hizo ni shapu nne, na vidole vya mwanafunzi hukwama. Mgawaji akiushusha wimbo hadi B-flati, shapu zote hutoweka. Noti ya juu kabisa ya soprano, ile A inayopasua midomo, huwa F.

Lakini ufunguo si tatizo kubwa kuliko yote. Katika Haleluya hiyo kuna mahali soprano hupanda hatua kwa hatua, ikishikilia noti ndefu huku sauti nyingine zikiitikia chini yake. Kwaya ya watu ishirini huibia pumzi kwa zamu, asijue mtu. Mpiga tarumbeta mmoja hana wa kumwibia. Kwa hiyo mgawaji humpa tarumbeta wa kwanza noti hii, wa pili inayofuata, kila mmoja akianza kabla mwenzake hajaachia, na tromboni hubeba mwitikio.