Fremu ya Shosho

Mlango wa shosho, hapa Kiganjo, ulitushinda Aprili, mvua ikiwa imekolea. Bawaba ya juu iling'oka na skrubu zake, mlango ukabaki umening'inia kwa ile ya chini. Kaka yangu akasema tung'oe fremu yote, tuweke mlango wa chuma kama majirani. Shosho akakataa kabisa. Ilibidi tumuulize kwa nini.

Nyumba za Wakikuyu wa zamani hazikuwa na bawaba. Zilikuwa na riigi, mlango uliofumwa kwa fito, unaosogezwa na kuegemezwa. Hata ile milango ya nakshi ya Zanzibar huzunguka kwa vigingi vya juu na chini. Huku kwetu bawaba za chuma zilienea wakati wa ukoloni, pamoja na nyumba za pembe nne, misheni na reli ile inayopita Kiganjo kwenda Nanyuki.

Halafu Oktoba 1952 ikatangazwa Hali ya Hatari. Kuanzia 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha zaidi ya watu milioni moja wa Mlima Kenya, ikawaweka kwenye vijiji vya lazima zaidi ya 800, vingi vikiwa na handaki na miti iliyochongwa kuvizunguka. Nyumba walizoacha zilichomwa. Shosho alikuwa msichana mdogo. "Kule kijijini mlango haukuwa wako," alituambia. "Askari akigonga usiku, unafungua. Ukichelewa, anafungua na kiatu."

Mashamba yalipopimwa upya, wakarudi. Babake akatafuta mbao za mwerezi, akatengeneza fremu hii. Huo ndio mlango wa kwanza waliofunga usiku bila kuogopa.

Basi tukaita fundi. Akatueleza kwamba uzito wa mlango huvuta bawaba ya juu na kusukuma ya chini, ndiyo maana ya juu hung'oka kwanza. Kuweka skrubu ndefu tu si dawa kama mbao imeoza. Alishusha mlango, akadungadunga fremu na bisibisi mpaka akapata mahali pagumu. Akakata palipooza kwa patasi, akachonga kiraka cha mbao kavu, nyuzi zake zikifuata za fremu, akakibana kwa gundi na kukiacha kikauke hadi kesho yake. Ndipo akatoboa matundu membamba kwanza, mbao isipasuke, kisha akakaza bawaba.

Kiraka ni cha saipras, mti wenye asili ya Mexico unaopandwa sana misitu ya huku. Ni cheupe, na mwerezi ni mwekundu, kwa hivyo kinaonekana ukiwa barabarani. Kaka akauliza kama tupake rangi.

"Wacha hivyo," shosho akasema. "Fremu ilivunjika, ikatengenezwa. Kuna aibu gani?"

Jioni alifunga mwenyewe. Komeo liliingia bila kusukumwa.