Historia ya Uvira na Bandari yake ya Kalundu

Musafiri anayekuja Uvira kwa masua kutoka Kalemie ao Kigoma haoni muji kwanza. Anaona milima ya Mitumba iliyosimama karibu sana na maji, na chini yake nyumba zilizopangwa kama kamba nyembamba, tangu Kalundu kwa kusini mupaka Kavimvira kwa kaskazini. Nyuma ni mulima, mbele ni ziwa. Wakubwa wengi walitawala mahali pale, na mara nyingi walisahau kuuliza wenyeji juu ya mambo hayo mawili.

Kosa hilo ni la zamani. Mwezi wa Aprili 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Wafanya biashara wa Ujiji walikuwa wamekwisha kuzoea kuja huko kununua pembe na watumwa, lakini hawakupita mbele. Wazungu wale walitafuta asili ya muto Nili. Mwarabu mumoja alikuwa amewaambia kwamba muto Ruzizi unatoka ziwani na kwenda kaskazini. Kama ni kweli, ziwa Tanganyika lingekuwa mama wa Nili. Lakini huko Uvira wana watatu wa mufalme Maruta walikuja kuwaamkia, wakaulizwa, na wote wakajibu neno moja: Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Wapiga kasia waliogopa kuendelea, na safari ikaishia pale. Burton alihuzunika sana. Tena hakukubali: mwaka 1864, huko Ulaya, aliandika kwamba labda Ruzizi unatoka kweli. Ilikuwa lazima Livingstone na Stanley waende kwa mutumbwi mupaka kinywa cha Ruzizi, Novemba 1871, ndipo Wazungu wakasadiki. Miaka 13, kwa jambo ambalo vijana wa Maruta walilisema kwa siku moja!

Wakati ule ziwa lilikuwa juu kuliko leo. Kwa mwaka 1878 hivi maji yalibomoa kizuizi cha muto Lukuga, pale karibu na Kalemie, yakaanza kukimbia kuelekea Kongo, na katika miaka 15 hivi ziwa likashuka zaidi ya mita 10. Basi, watu waliokuja nyuma wakakuta pwani pana yenye muchanga, wakaihesabu kuwa inchi kavu ya sikuzote.

Hapo Serikali ya Kongo ilisimamisha kituo chake. Mwanzo wa karne ya 20 Uvira ilikuwa makao ya wakubwa wa Ruzizi-Kivu, waliolinda mupaka mbele ya Wadachi wa Usumbura. Mupaka ulikatwa kwa mapatano ya 1910. Mwezi wa Juni 1916 askari wa Wabeleji wakaingia Usumbura, na toka hapo bendera moja ikatawala pande mbili za ziwa mupaka 1960.

Bandari ilipata nguvu kwa sababu ya reli za mbali. Gari la moshi la Dar es Salaam lilifika Kigoma mwaka 1914, na lile la Kabalo likafika Kalemie mwaka 1915. Mizigo ya Kivu ikavuka ziwa mupaka Kalundu. Halafu Wabeleji wakajenga reli kutoka Kalundu kupitia bonde la Ruzizi. Walitaka ifike Bukavu, lakini mulima ukakataa: reli iliishia Kamanyola, na kila muzigo ulipaswa kushushwa tena na kupandishwa katika kamio. Mbele ya uhuru reli ile ikaachwa. Tangu 1933 makao ya jimbo yalikuwa Bukavu, iliyoitwa Costermansville. Uvira ikabaki mulango wa nyumba ya mwingine.

Hata leo bandari ni ya shirika la reli la taifa, SNCC, ambalo makao yake ni Lubumbashi. Ushuru wa duane unaamriwa Kinshasa. Na Wavira wana shefu wao. Uvira yenyewe ilipewa cheo cha muji kwa amri ya mwaka 2013 tu. Nani basi anayeweza kuamuru mufereji uchimbwe?

Kwa upande wa Kanisa, dayosisi ya Uvira ilianzishwa mwaka 1962. Miaka miwili nyuma waasi waliteka muji, na Askofu Catarzi akafungwa pamoja na wamisionari wake kwa miezi kadhaa. Tarehe 28 Novemba 1964 Padri Carrara, Padri Didonè, Bruda Faccin na Abbé Albert Joubert waliuawa kule Baraka na Fizi. Walitangazwa wenye heri Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Mwaka uleule wa 1964 ziwa lilipanda sana, lakini habari ya damu ilifunika habari ya maji.

Na maji yalirudi. Usiku wa tarehe 16 Aprili 2020 muto Mulongwe ulishuka kutoka mulimani, ukaua watu makumi na kubomoa nyumba maelfu. Katika miaka iliyofuata ziwa nalo likapanda, likaingia katika nyumba za pwani na katika bandari ya Kalundu. Wengine walisema ni ajabu isiyoonekana tangu zamani. Mutu aliyekuwa kijana mwaka 1964 hakusema hivyo.

Wazee hao wanapungua. Katika misioni nyingi za pwani kulikuwa desturi ya kuandika habari za kila siku katika buku. Basi wasemineri wanaokwenda likizo kandokando ya ziwa, na makatekista wanaokaa huko, wawaulize wazee maji yalifika muti gani, nyumba gani, jiwe gani, na waandike.