Kujengea uwezo, kutoka Terrat hadi bahari kuu

Huku kwetu Terrat, pembezoni mwa Jiji la Arusha, "semina ya kujengewa uwezo" ni maneno ya vikundi vya akina mama, wafugaji na kamati za maji. Istilahi hiyohiyo inabeba ulinzi wa Bahari ya Hindi, na huko ndiko uzito wake unapoonekana.

Tarehe 29 Januari 2009, uharamia wa Kisomali ukiwa umepamba moto, nchi tisa zilitia saini Kanuni za Maadili za Djibouti, chini ya Shirika la Bahari Duniani (IMO). Tanzania na Kenya zilikuwamo. Ethiopia nayo ilikuwamo, ingawa haina pwani, maana mizigo yake hupita baharini kama ya kwetu wa bara. Kazi ikagawanywa mafungu manne: mafunzo, sheria za nchi, kupashana habari na kujengea uwezo. Mafunzo yamepewa fungu lake, lakini waandishi wetu huyachanganya na kujengea uwezo kana kwamba ni kitu kimoja.

Chukua kituo cha kupashana habari cha Dar es Salaam, kimoja kati ya vitatu vilivyoanzishwa chini ya kanuni hizo. Vingine viliwekwa Mombasa na Sanaa. Tuseme nahodha anaita redioni, chaneli 16: boti mbili zinamfuata. Ofisa wa zamu anaandika saa, latitudo, longitudo, uelekeo na mwendo, kisha anawaarifu wanamaji na vituo wenza. Hayo yanafundishika darasani. Lakini akitoka kozini akakuta redio mbovu, boti ya doria haina mafuta, na sheria haimpi hakimu mamlaka juu ya uharamia wa bahari kuu, huyo amefunzwa tu; hajajengewa uwezo.

Ndiyo maana nashikilia "kujengea", si "kujenga uwezo". Kauli ya kutendea humdai mtendewa: anajengewa nani? Ripoti ikiandika "uwezo umejengwa", swali hilo linazikwa. Na kuratibu wafadhili wa mafunzo ni kulijibu swali hilo mapema, wasije wakamwita ofisa yuleyule kwenye kozi zinazofanana, huku zamu yake ikikosa mtu. Marekebisho ya Jeddah ya 2017 kwa Kanuni za Djibouti yaliongeza uvuvi haramu, dawa za kulevya na usafirishaji haramu wa binadamu, kwa hiyo sasa wanaohitaji kujengewa ni pamoja na polisi, forodha na maofisa uvuvi. Kila mmoja wao ana chombo chake, sheria yake na zamu yake.