Shule za Mapatano

Wengi wetu husema "shule ya Misioni" kana kwamba ni mali ya Misioni peke yake. Wengine hujibu: "La, ni ya Serikali, maana ndiyo imlipayo mwalimu." Yafaa tutazame habari za zamani, tupate kujua haki ya kila mmoja.

Tarehe 26 Mei 1906 Roma ilipatana na Serikali ya Kongo, ile ya Mfalme Leopold II. Serikali ilitoa mashamba, Misioni zikaahidi kufungua shule. Lakini tangu siku ile Bula Matari hakufumba macho: mpango wa masomo ulipasa kupelekwa kwa Gavana Mkuu. Katika miaka ya 1920 Wabelgiji wakaongeza fedha, na pamoja na fedha wakaja wakaguzi. Fedha hizo zilipewa hasa Misioni za Kikatoliki. Shule za Waprotestanti zilingojea mpaka baada ya vita ya 1939-1945. Tusilifiche neno hilo: haikuwa haki.

Mwishoni mwa mwaka 1974 Serikali ya Mobutu ilizitwaa shule za makanisa. Haikupita miaka mitatu, ikaona mzigo ni mzito. Tarehe 26 Februari 1977 ikapatana na Wakatoliki, Waprotestanti na Kanisa la Simon Kimbangu. Shule ni za taifa. Serikali huweka masomo, hukagua na kulipa walimu. Makanisa husimamia kazi ya kila siku. Ndiyo asili ya shule za mapatano tulizo nazo hata leo.

Basi, ahadi ni deni. Katika miaka ya 1990 mshahara wa Serikali ulipokosekana, wazazi ndio waliomlipa mwalimu. Amri zilibaki, fedha ikatoweka, na mtoto wa maskini akarudishwa nyumbani. Katiba ya mwaka 2006 ilisema shule ya msingi ya Serikali ni ya bure. Lakini ni Septemba 2019 tu ndipo Serikali ilipoanza kulitimiza neno hilo nchini kote.

Tunajifunza nini? Serikali inayokagua bila kulipa ni kama mtu anayehesabu mavuno ya shamba asilolipa mbegu. Nalo Kanisa linalopokea fedha ya watu wote lisikatae kuonyesha daftari. Wazazi, mkiitwa kwenye mkutano wa shule, nendeni, mkaulize pande zote mbili.