Upimaji wa utendaji wa umio

Upimaji wa utendaji wa umio ni uchunguzi wa jinsi mrija upelekao chakula tumboni, wenye urefu wa sentimita 25 hivi kwa mtu mzima, unavyosukuma, kulegea na kufunga. Humfaa mtu ambaye kiungulia chake hakitulii kwa dawa, au anayeandaliwa upasuaji wa kuzuia asidi kupanda.

Katika manometria, mpira mwembamba wenye vihisi vya shinikizo hupitishwa puani. Mgonjwa humeza maji kidogo kidogo, kwa kawaida mara 10, na kila msukumo hurekodiwa. Thamani kubwa ya manometria ni kutambua akalazia, ambapo mlango wa chini wa umio haulegei: chakula kilichokwama huchachuka na kuunguza kama kiungulia, na upasuaji wa kukaza mlango huo ungemdhuru mgonjwa. Kipimo kingine, cha asidi inayopanda kwenye umio, huchukua saa 24 au zaidi. pH (kipimo cha ukali wa asidi) ikiwa chini ya 4 kwa zaidi ya asilimia 6 ya muda huo, ugonjwa wa asidi kupanda umethibitika.

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, Tanzania, uchunguzi huanza kwa maelezo ya mgonjwa katika zahanati au hospitali kama Nyakahanga. Hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa ni Bugando, Mwanza. Kabla ya vipimo hivi, endoskopi (kuangalia ndani ya umio kwa kamera) ndiyo itangulie, kwani Afrika Mashariki imo katika ukanda wenye saratani nyingi ya umio. Anayekwamwa na chakula, anayekonda au kutapika damu asiendelee kununua dawa dukani. Aende hospitali mapema.